Uso wa Mfano

Lalamiko la kwanza lilikuwa la adabu kabisa. Mwalimu mmoja wa chekechea aliandika kwamba anashukuru kwa kipengele kipya, watoto wake wamekifurahia, ila ana swali dogo: kwa nini malkia wake, muuza samaki wake na sungura wake mwenye miwani wote wana kovu juu ya jicho la kushoto?

Sindano alicheka. Sungura mwenye kovu, jamani! Kisha akafungua picha ya malkia aliyoambatanisha mwalimu, na kicheko kikaisha.

Chini ya taji la dhahabu alikuwa amekaa Mama Mdogo. Hakuwa mtu anayefanana naye. Alikuwa yeye, na ule mdomo wake wa kubana kama anayezuia kusema jambo, na lile kovu linaloikata nyusi vipande viwili. Muuza samaki alikuwa Mama Mdogo. Hata yule sungura, ukimwangalia vizuri chini ya masikio, alikuwa Mama Mdogo.

Ofisini walimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kulichokonoa kosa dogo mpaka litoke. Walikuwa watatu tu: yeye aliyeandika msimbo, Rangi aliyebuni kurasa, na Bosi aliyebuni ndoto na kuziuza. Tovuti yao ilikuwa rahisi kumweleza yeyote. Unaandika maneno, tuseme mzee mpiga tarumbeta, koti la kijani, meno mawili, unabonyeza kitufe, na akili mnemba inakuchorea mtu huyo. Shida ilikuwa moja, ya siku zote. Ukimtaka mzee yuleyule kesho, safari hii amekaa anakula, unaletewa mzee mwingine. Koti lilelile, tarumbeta ileile, sura ya shemeji yake.

Kwa hiyo walijenga kipengele kipya, wakakiita Uso Mmoja. Unapakia picha ya uso, mashine inaushika, na tangu hapo kila unachoagiza kinakuja na uso huo. Miezi minne Sindano alikula, akalala na kuota Uso Mmoja. Kilifunguliwa kwa wateja Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, chai yake haijapoa.

Wakati wa kujenga alikuwa amehitaji uso wa kujaribia. Rangi alimpa nyuso za kuchora, lakini zilikuwa laini mno. Huwezi kujua kama mashine imezishika au imebahatisha. Sindano alitaka uso wenye alama, kitu cha kuhakikishia. Na kwenye simu yake ulikuwepo mmoja.

Ile picha aliipiga mwenyewe mwaka juzi, jikoni, hospitali ilipotaka wafanyakazi wote wawe na vitambulisho vipya. Mama Mdogo alikaa kwenye kigoda, ukuta mweupe nyuma yake, akaikodolea kamera kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

"Ukishaichapisha, ifute," alisema. "Umenisikia?"

"Nimesikia, Mamdogo."

"Hujasikia. Umeitikia tu."

Hayakuwa mambo ya mtu mzima anayejiona mbaya kwenye picha. Mama Mdogo ndiye aliyemlea Sindano baada ya dada yake, mama yake Sindano, kufariki. Alikuwa na mume ambaye ngumi zilimtangulia maneno. Sindano alipokuwa na miaka kumi na miwili, Mama Mdogo alimwamsha alfajiri moja katikati ya wiki, wakabeba mabegi mawili, wakaondoka bila kumuaga mtu, na hawakurudi. Ilikuwa miaka kumi na miwili sasa. Katika miaka hiyo yote Mama Mdogo hakuwahi kwenda kwenye sherehe yenye mpiga picha bila kukaa nyuma ya nguzo. Kati ya kazi zote za hospitali alichagua chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, kwa sababu kilikuwa na mlango mmoja na hakikuwa na dirisha. Alikuwa amejifuta duniani kwa mikono yake mwenyewe, kazi ya uangalifu, na Sindano alimrudisha kwa siku tatu.

Kisa chenyewe kilikuwa mstari mmoja wa msimbo. Mteja akipakia picha isiyoeleweka, ya gizani, ya kisogo, ya paka, basi mashine isikwame. Ichukue uso wa mfano na kuendelea. Uso wa mfano ulitakiwa uwe duara la kijivu lisilo na macho. Sindano alikuwa amejiandikia kwenye karatasi ya njano, akaibandika ubavuni mwa kompyuta: BADILI MFANO KABLA YA IJUMAA. Karatasi ilikuwa bado ipo. Juu yake ilibandikwa nyingine ya kununua balbu, na juu ya hiyo nyingine tena ya daktari wa meno.

Akabadilisha mfano saa ileile, kwa haraka hata akakosea nywila mara mbili. Dakika kumi, na duara la kijivu likawa mahali pake. Kisha akahesabu picha zilizokwisha kuchorwa. Zilikuwa elfu nne mia sita na kumi na mbili. Kumbe watu hawajui kabisa kupiga picha.

Alizipitia harakaharaka. Mama Mdogo rubani. Mama Mdogo mwizi anaruka ukuta. Mama Mdogo bibi harusi, shela mpaka chini. Mama Mdogo na upanga, Mama Mdogo na mabawa, Mama Mdogo amelala ndani ya jeneza la kioo na maua kifuani. Hiyo ya mwisho aliifunga haraka akafunika kioo kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu angeiona. Halafu akakumbuka ukurasa wa kampuni unaoitwa Sisi Ni Nani, ambako picha yake mwenyewe ilikuwa inatabasamu juu ya jina lake kamili. Mtu aliyewahi kuishi na Mama Mdogo angeona lile kovu, aulize picha imetoka wapi, afungue ukurasa ule, amkute yule mtoto wa miaka kumi na miwili amekuwa mkubwa. Baada ya hapo ni kumngoja tu mlangoni jioni na kumfuata nyumbani.

"Sindano!" Bosi alitoka chumbani kwake kashika simu juu kama kikombe cha ushindi. "Mmeona? Anatembea! Mwenye Kovu anatembea!"

"Nani?"

"Huyu mama! Watu wamempa jina wenyewe. Wanashindana kumweka kila mahali. Kuna mmoja amemfanya konda wa basi, mmoja hakimu. Tangu tuanze hatujapata wikiendi kama hii." Akapunguza sauti kidogo. "Ila sasa hivi nimejaribu, nimeletewa duara. Nani amemwondoa?"

"Mimi."

"Mrudishe."

Rangi aligeuza kompyuta yake ili Sindano aone. Alikuwa ameshatengeneza ukurasa wa mbele wa kesho: uso wa Mama Mdogo kutoka ncha hadi ncha, kovu liking'aa, na maneno makubwa chini yake, MWENYE KOVU ANAKUNGOJA. Rangi alikuwa na kipaji, Mungu amsamehe.

"Lilikuwa kosa, Bosi," Sindano akasema. "Ulikuwa uso wa kujaribia. Nilisahau kuutoa."

"Kosa zuri. Tangu lini tunafuta makosa mazuri?"

"Ni mtu."

"Mtu gani? Mashine imemzua."

"Haijamzua. Ni mtu kweli, yuko hai, namjua. Nilitumia picha yake."

Rangi aliondoa mikono kwenye kibodi taratibu. Bosi alishusha simu. Kwenye ukurasa wa kupakia picha kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki, na kando yake maneno haya: Nathibitisha kwamba mwenye uso huu ameridhia. Maneno hayo aliyatunga Sindano. Aligombana na Bosi wiki nzima mpaka yakawekwa, akamwambia kwamba uso wa mtu si kiti cha kukodi. Sasa wote watatu walikuwa wakiyakumbuka.

"Na yeye ameridhia?" Bosi aliuliza hatimaye.

"Hajui."

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkutano kesho. Alizunguka chumba mara moja, akachapisha fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja, akampa.

"Mpelekee. Mweleze vizuri, usimtishe. Mwambie hatutamwacha mikono mitupu. Akisaini, tunaendelea na ukurasa wa mbele."

"Na asiposaini?"

"Utakuja tuzungumze, mimi na wewe."

"Zile zilizokwisha kuchorwa nizifute kwanza."

"Hakuna kufuta kitu mpaka nijue amesema nini."

Sindano alikuwa ameshika begi lake, mguu mmoja mlangoni, simu ilipotetemeka. Barua za wateja ziliingia kwenye kisanduku cha pamoja, na kila mmoja wao alikiona kwenye simu yake: jina la mtumaji, na maneno ya kwanza ya ujumbe, mengine yamefichwa mpaka uufungue. Mtumaji alikuwa amejisajili asubuhi ileile na hakujipa jina, kwa hiyo mashine ilimpa lake, Mgeni 5093.

Huyu mwanamke mwenye kovu namjua. Naomba mniambie yuko wapi, maana...

Na hapo yalikatika.

Sindano akaegemea ukuta. Kidole kilikuwa tayari juu ya ujumbe alipokizuia. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alikuwa ameongeza kipengele kingine, kidogo, cha kuwatuliza wateja wanaolalamika kwamba barua zao hazisomwi: ukifungua ujumbe wa mteja, upande wake kinawaka kidoa cha kijani na neno Imesomwa. Walikisifu sana kile kidoa. Sasa akiufungua ujumbe, mtu aliyeko upande wa pili, popote alipo, atajua kwamba kuna aliyesoma swali lake na hakulijibu. Kuna njia ya kusoma barua bila kuzifungua, kwenye hifadhi yenyewe, lakini ufunguo wa hifadhi hiyo alikuwa nao Bosi, na kuuomba maana yake ni kueleza. Siri ile haikuwa yake kuieleza.

"Msifungue barua ya Mgeni huyu," aliwaambia. "Naomba. Mpaka nirudi."

Rangi alimtazama usoni, akaitikia kwa kichwa bila kuuliza.

Toka ofisini hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini, na hakuna njia aliyowahi kuichukia namna ile. Kila mwanamume aliyekuwa akitazama simu alimpunguzia pumzi. Mmoja alisimama nje ya duka la dawa akiangalia kioo, akainua macho, akamtazama, akayarudisha. Sindano akavuka barabara. Mwingine alikuwa anacheka peke yake kwenye benchi. Alijaribu kuikumbuka sura ya yule mume wa Mama Mdogo akagundua kwamba haikumbuki. Alikumbuka viatu tu, vya kahawia, vilivyowekwa mlangoni kwa unyoofu sana. Basi akaanza kutazama viatu.

Ngazi za kwenda chini zilinukia sabuni na joto. Alibisha mara mbili, akanyamaza, akabisha mara moja, kama walivyozoea tangu utotoni.

"Ingia, mwanangu."

Mama Mdogo alikuwa peke yake zamu hiyo. Mwanamke mfupi, mikono imara, miwani imefunikwa na mvuke, mbele yake mlima wa mashuka meupe yaliyotoka kukauka. Nyuma yake mashine kubwa zilikuwa zikizungusha matumbo yao.

"Mchana huu? Wamekufukuza?" Akamkagua juu hadi chini. "Umekonda tena. Mimi nilidhani ulishafika mwisho. Shika huko."

Akamrushia pembe mbili za shuka. Ndivyo walivyozungumza humu siku zote, shuka katikati. Unavuta, unakung'uta, unakunja, unakwenda mbele mpaka mikono inakutana, unampa pembe zako, unaokota za chini. Sindano alikunja la kwanza. Alikunja la pili. La tatu, walipokutana uso kwa uso, akasema, "Mamdogo, nimekukosea."

"Umevunja nini?"

"Ile picha ya kitambulisho. Sikuifuta."

Mama Mdogo hakuziachia pembe zake. "Endelea."

Akaeleza, maneno yakikimbizana. Uso wa kujaribia, Ijumaa, duara la kijivu, karatasi ya njano. Mama Mdogo alisikiliza bila kupepesa, kisha akalikunja shuka lile peke yake, akaliweka juu ya mengine, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni.

"Nionyeshe."

Sindano alimshikia simu. Malkia. Muuza samaki. Rubani. Mwizi. Mama Mdogo alizipitisha kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayepekua nguo za mtu mwingine. Kwa sungura alisimama akatoa sauti ndogo puani. Kwa bibi harusi alisimama zaidi.

"Nimeolewa tena, wala sijaarifiwa."

Sindano hakujua kama acheke.

"Ziko ngapi?"

"Elfu nne na mia sita."

"Elfu nne." Akamrudishia simu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi miaka kumi na miwili sijasimama kwenye mlango wa mbele wa jengo hili. Naingia kwa nyuma na mapipa ya taka. Dada yangu wa damu alizikwa wewe ukiwa mdogo, kaburi lake sijalirudia, kwa sababu huko ananijua kila mtu. Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja, mwanangu."

"Nilisahau, Mamdogo."

"Najua ulisahau. Wewe una ruhusa ya kusahau, ndiyo maana nilikutoa kule. Mimi sina."

Sindano alilia. Hakuona aibu, alilia tu, kamasi na machozi, na Mama Mdogo akamwacha alie na hakumbembeleza. Alipotulia kidogo ikabidi aseme lile lingine, lile baya.

"Kuna mtu ameandika. Anasema anakujua. Anauliza uko wapi."

Mama Mdogo alikwenda mlangoni, akasukuma komeo, akalijaribu kwa kulivuta. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mwepesi, mwenye macho makavu. Sindano alimkumbuka huyo mtu. Alimwona mara moja tu, alfajiri ile.

"Ile shahada yako iko nyumbani au ofisini?"

"Nyumbani. Mamdogo..."

"Vyeti, shahada, nguo za siku nne. Begi la bluu lina zipu mbovu, tutachukua lile jeusi. Mwenye nyumba tutampigia tukishafika. Kazini kwako usirudi, waandikie unaumwa. Simu hiyo itabidi uiache."

"Tufike wapi?"

"Nitajua njiani. Safari ile nilijua njiani."

Alikuwa ameshaanza kufungua aproni. Sindano alitazama vile vidole vikihangaika na fundo mgongoni, na ghafla akahisi ana miaka kumi na miwili tena, amesimama gizani na soksi moja. Akasema kitu ambacho hakujua kama angekisema.

"Mimi sitaki kuhama."

"Hakuna anayetaka."

"Hata hatujui kama ni yeye."

"Kwani anasemaje?"

Sindano akamsomea yale maneno, yakakatika palepale yalipokatikia.

"Maana nini?" Mama Mdogo akauliza.

"Sijui. Sijaufungua." Akamweleza habari ya kidoa cha kijani. "Nikiufungua, atajua umesomwa."

"Atajua nimesoma mimi?"

"Hapana. Atajua umesomwa tu. Hatajua ni nani, wala wapi."

"Kwa hiyo mimi nataka kubeba nyumba kichwani kwa sababu ya nusu barua."

Mashine ya kukaushia ilisimama, ikapiga kengele yake. Hakuna aliyeifuata. Mama Mdogo alitazama mlango ule mmoja muda mrefu, mkono ukiwa bado kwenye fundo la aproni. Sindano aliuona mshipa wa shingo yake ukipiga. Alikuwa anaogopa, alikuwa anaogopa sana, na hakuficha.

"Fungua," akasema.

"Mamdogo, tukishaufungua..."

"Fungua kabla sijabadili mawazo."

Sindano akabonyeza. Ujumbe ukajitandaza kioo kizima. Akasoma kwa sauti, maana macho ya Mama Mdogo yalikuwa yamefumba.

"Huyu mwanamke mwenye kovu namjua. Naomba mniambie yuko wapi, maana nina neno lake. Nilikuwa naishi ukuta wa pili. Usiku ule nilisikia kila kitu. Niliongeza sauti ya redio. Asubuhi tulikutana bombani, akaniambia amejigonga kwenye mlango wa kabati. Nikamwambia pole, nikajaza ndoo yangu, nikaondoka. Nilijua kwamba si kweli na yeye alijua kwamba najua. Yule bwana alihama mwaka uleule, sijui alikwenda wapi. Mjukuu wangu amenionyesha picha leo, amemchora akiwa askari. Kama yuko hai, mwambieni ile pole ilikuwa ya uongo, nataka kumpa nyingine. Kama hataki kuonekana, msinijibu. Nitaelewa."

Mama Mdogo alikaa juu ya mashuka aliyoyakunja. Kwa kawaida angemchinja mtu kwa kosa hilo.

"Kama ni yeye anajifanya?" Sindano akanong'ona.

"Yeye? Yeye hakuwahi kufika bombani hata siku moja. Hakujua hata liko upande gani." Alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Pale tulikuwa wawili. Ndoo yake ilikuwa na mpini wa kamba. Alikuwa anaangalia ile ndoo, haniangalii mimi."

Mlango wa kabati. Sindano aliujua. Hivyo ndivyo Mama Mdogo alivyomwambia daktari, mwajiri, mwenye nyumba, na kila mama aliyeuliza kwenye foleni. Hivyo ndivyo alivyomwambia hata yeye, asubuhi ileile, wakati wa kuchana nywele. Alikuwa amelisema mara nyingi hata kabati lenyewe lilipata rangi na bawaba.

"Ile fomu iko wapi?" Mama Mdogo aliuliza.

Sindano akaitoa begini. Mama Mdogo aliiweka gotini, akaisoma yote, hakuruka mstari, kisha mahali pa saini akaandika kwa herufi kubwa, HAPANA. Akarudi juu yake kwa kalamu mara ya pili, likolee.

"Zote. Leo."

"Zilizo kwetu nitazifuta zote. Zile ambazo watu wameshazichukua, Mamdogo, hizo sina mkono wa kuzifikia. Nakuambia ukweli."

"Nimesikia."

Sindano akapiga picha ya fomu, akamtumia Bosi. Akangoja. Jibu lilichelewa dakika nzima. Futa, aliandika Bosi. Kisha jingine likafuata: Kesho saa mbili uje chumbani kwangu. Halikuwa na salamu wala nukta.

"Watakufukuza?"

"Huenda."

"Utakunja mashuka. Mwili wa kukunja huna, lakini tutakuvumilia." Akafikiri kidogo. "Yule sungura wa mwalimu. Watoto wamemzoea?"

"Anasema wamempenda."

"Mchoreeni mwingine. Miwani mwachieni."

Sindano alifuta kwa simu, palepale, akithibitisha kila mara mashine ilipomuuliza kama ana uhakika. Malkia akaenda, na rubani, na bibi harusi, na yule wa kwenye jeneza. Hesabu ilishuka mpaka ikafika sifuri. Hakuhisi nafuu. Alijua kwamba kuanzia leo watatazama viatu vya watu, wote wawili, na hakujua mpaka lini.

Ujumbe wa Mgeni ulikuwa bado wazi, na chini yake sanduku tupu la jibu. Alitaka kuufunga.

"Ngoja," Mama Mdogo akasema. "Andika."

"Unataka kumjibu?"

"Andika: nimeipata pole yako."

Sindano akaandika. "Niweke jina?"

"La nini? Ananijua." Mama Mdogo aliinuka, akageukia mashine iliyosimama, akafungua mlango wake, akaanza kutoa mashuka ya moto akiyakumbatia kifuani. Alizungumza akiwa amempa mgongo. "Halafu ongeza: haukuwa mlango."

Vidole vya Sindano vilisimama juu ya herufi. Kisha akayaandika, maneno mawili, akayatuma. Hawakungoja hata kidogo. Kidoa cha kijani kiliwaka, safari hii upande wa Sindano. Huko kuliko na ukuta wa pili, mtu alikuwa amekaa na simu mkononi.

"Amesoma, Mamdogo."

Mama Mdogo aliitikia kwa kichwa. Alitafuta shuka kwenye lile fungu, akazipata pembe zake, akamrushia mbili. Walikung'uta, wakakunja, wakasogeleana mpaka mikono ikakutana, na hapo hakuziachia.

"Na wewe usiku ule ulikuwa macho," akasema.

"Nilikuwa macho."

"Muda wote?"

"Muda wote, Mamdogo."

Mama Mdogo alimtazama, miwani ikianza tena kuingia mvuke.

"Pole, mwanangu," akasema.